Mchele wa Wageni

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Huku Ngamiani bibi yako hajambo, goti tu linamsumbua. Mimi swali lako limeninyima utulivu: je, maono ya kiongozi yanaweza kuifanya nchi ijitosheleze kwa mchele?

Nilipokuwa mwandishi kijana, nilifuatana na mkuu wa wilaya mmoja kuzindua mfereji wa mashamba ya mpunga karibu na Mkwaja. Wakulima walitaka kuacha mpunga, maana wanunuzi waliukimbia. Njia nzima mkuu alituambia taifa litajilisha. Tulipoandaliwa chakula, aliutazama ule wali mweupe, wenye punje ndefu.

“Huu umetoka bonde hili?”

“Hata, baba!” mama mpishi akacheka. “Wa dukani, umekuja na meli. Wetu umekatikakatika, tena una mawe. Mgeni hupewaje huo?”

“Na harusini mnapika upi?”

“Wa meli! Wataka wakwe watucheke?”

Mkuu hakucheka. Aliomba sahani ya wali wa mchele wao, akala, akatema jiwe. Aliposimama, hotuba ya mfereji aliiacha mfukoni. Akaahidi mashine nzuri ya kukoboa, isiyokata punje wala kuacha mawe. Ilifika yeye akiwa ameshahamishwa, lakini wanunuzi walirudi, na mpunga haukuachwa.

Siku hizi redioni nasikia mashamba mapya tu, nami situlii kitini. Wiki ijayo ukienda mabondeni na wakubwa wako wa kazini, kabla hujaandika ripoti, chungulia jikoni uone mmepikiwa mchele gani. Ukiwa wa kwao, nipigie simu hata kabla hujanawa.

Babu yako