Sufuria Nitaibana na Nini

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Songea tu wazima, na mjomba wako wa Majengo amepata binti. Ila tangu niliposikia kwamba huko Mwanza umekatwa mguu, chai inanipoa mkononi. Umeniuliza niliachaje kujiuliza "kwa nini mimi" mashine ya kusaga iliponikata mkono pale Mpitimbi.

Nililala ndani muda mrefu nikijiuliza nani kaniroga. Jioni moja mama aliinjika sufuria ya maji, akaniwekea unga na mwiko, akasema, "Baba yako ana njaa," akatoka. Nilipigwa na butwaa. Mama yangu mzazi! Nilitaka kulia, lakini maji yalishaanza kuchemka, nikajikuta najiuliza: sufuria nitaibana na nini? Nikaegemeza ukuni ubavuni mwake, nikaukanyaga kwa mguu, nikasonga.

Ugali ulikuwa na madonge. Baba alionja, akanitazama.

"Haujaiva," akasema.

Akamega tonge jingine. Usiku ule nililala nikijiuliza kama kesho niongeze moto.

Njoo ule ugali ninaosonga sasa.

Bibi yako