Swali Moja la Moraa Nimelibakiza

Voi, Jumapili asubuhi

Kwa mke mwenzangu Kwamboka,

Pokea salamu kutoka huku kwenye jua. Mimi, binti yetu Kemunto na mwanawe Momanyi tu wazima. Goti langu la kushoto ndilo pekee linalolalamika, na hata hilo limepunguza kelele kwa sababu huku hakuna baridi. Ninyi huko Ikonge mmeamkaje? Kifua chako kimepona? Mvua inanyesha ya kutosha majani ya chai kuchipua? Na yule ng'ombe mweusi amezaa, au bado anatuchezea?

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu yako, Kwamboka, huwa unaiweka mezani na sauti juu, na nyumba nzima inasikia pamoja na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Ninayotaka kusema leo ni ya sisi wawili. Mkwe wetu Barongo anapitia Kisii na lori lake wiki hii, ndiye atakayekuletea bahasha. Kaa peke yako uisome.

Nina wivu. Naliandika neno hilo mapema, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu kuandika jibu kwanza na maelezo baadaye.

Unaikumbuka engareka, ule wivu wa wake wenza ambao mama zetu walisema unaweza kuchoma nyumba. Wewe na mimi tulikuwa nao wa kutosha enzi za mzee wetu, kila mmoja akitazama moshi wa jiko la mwenzake kujua nani amepika nini na nani amepikiwa nyama. Tulipomzika mzee nilidhani tumeizika pamoja naye. Tukaunganisha jiko, tukachuma chai safu kwa safu, tukanywa uji kutoka sufuria moja. Sasa imenirudia, tena mwanamume hayumo. Ni kwa sababu ya mjukuu wetu Moraa, mwana wa kwanza wa Kemunto.

Nilipokuja huku kumlea Momanyi nilikuambia nitarudi akianza kukaa mwenyewe. Akakaa. Nikasema akitambaa. Akatambaa. Sasa anakimbia na kunificha viatu, nami bado niko hapa, kwa sababu Kemunto hufanya zamu za hospitali na Barongo hukaa barabarani. Moraa nilikuachia akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Nani amemfundisha kuzifunga? Wewe. Jino lake la mbele lilipong'oka alilirusha juu ya paa la nani? Lako. Juzi umetutumia picha yake akienda kanisani amevaa sweta uliyomfumia. Ni sweta nzuri, mkono wako siku zote ni mzuri. Lakini ile niliyomtumia mimi, ya rangi ya samawati, niliitafuta katika picha mpaka Kemunto akaninyang'anya simu. "Mama, labda imefuliwa," akasema. Labda.

Haya yote ningeyameza. Kilichonikwama ni tembo.

Wewe unajua yalivyoanza. Nilimwambia Moraa kwamba huku tembo hupita karibu na nyumba za watu, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Ukawa unaniandikia ujumbe: Moraa anauliza kwa nini tembo wa huko ni wekundu. Moraa anauliza kama mkonga una mfupa. Nami navaa miwani, nakaa chini na kukujibu kwa utaratibu. Nilikueleza kwamba tembo hawa ni wa kijivu kama wengine wote, ila hujipaka vumbi na matope ili jua na wadudu wasiwasumbue, na udongo wa huku ni mwekundu kuliko barabara yetu ya kwenda kituo cha majani ya chai. Nilikueleza kwamba mkonga hauna mfupa hata mmoja, ni misuli mitupu, na kwamba tembo hanywi maji kwa mkonga kama mtu anayenyonya soda kwa mrija. Huyavuta mpaka yajae humo, kisha huyamimina mdomoni. Mtoto wake hajui kazi hiyo mwanzoni, hupiga magoti akanywa kwa mdomo kama ndama. Nilikueleza mambo ya masikio, kwamba ndiyo kipepeo chake cha kujipepea, damu hupita humo ikapoa. Kidole changu kiliuma kwa kubonyeza.

Halafu wiki iliyopita nikapiga simu, Moraa akaipokea.

"Magokoro wa Voi, unajua tembo hulala amesimama?"

"Najua, mama."

"Na halali sana! Saa mbili tatu basi. Akilala chini ni kidogo tu, kwa sababu ni mzito, anajibana mapafu. Usiku wote anatafuta chakula, kwa sababu tumbo lake ni kubwa na majani hayashibishi haraka."

Maneno yangu, Kwamboka. Mpaka lile la majani kutoshibisha haraka ni langu.

"Nani amekufundisha?"

"Magokoro."

"Magokoro yupi?"

"Huyu huyu wa hapa!"

Nikakusikia nyuma yake unacheka. "Mwalimu, huyu atakuwa daktari wa wanyama!"

Nilisema ndiyo, atakuwa. Kisha nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Sina mahali pa kukushtaki. Kwa desturi yetu mtoto wa binti yangu ni mjukuu wako, na kukuita Magokoro, yaani nyanya, ni haki yake na yako. Nikienda kwa wazee watanicheka. Ila zamani mimi nilikuwa Magokoro tu, bila nyongeza. Sasa nimekuwa Magokoro wa Voi, kama gari linaloandikwa mahali linapokwenda, na wewe ndiwe Magokoro usiyehitaji maelezo.

Siku mbili baada ya simu ile Kemunto akaniambia, "Mama, tumlete Moraa huku. Kuna shule karibu. Nitakaa na wanangu wote wawili, nawe hutahangaika tena."

Nitakuambia nilivyofurahi, hata kama hutapenda. Nilifurahi kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya Kemunto, lakini kabla ya hao wote nilifurahi kwa kukuona wewe akilini mwangu, jioni, unaweka sahani mbili mezani halafu unarudisha moja kabatini. Nilifurahia picha hiyo siku nzima. Jioni tukampigia Moraa. Kemunto akamuuliza, naye akajibu, "Niko sawa hapa na Magokoro." Kemunto akaondoka mezani akaacha ugali. Mimi nikasema moyoni, Kwamboka amemfundisha kusema hivyo. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo.

Na asubuhi hiyo hiyo ndipo migomba yangu iliisha.

Unajua kwamba kwa heshima ya mkwe wetu silali nyumba moja naye, nimepangiwa chumba changu upande wa pili wa ua. Nyuma ya chumba ndipo nilipopanda machipukizi uliyonichimbia, yale uliyofunga kwenye gunia ukasema, "Nenda nayo usije ukasahau kwenu." Jirani yangu, Mzee Mwakio, Mtaita anayefuga nyuki, aliniona nikichimba mashimo akaja kusimama kwenye ua wa miiba.

"Mwalimu, hapa ndizi tunanunua sokoni."

"Mzee, Mgusii hawezi kukaa boma lisilo na mgomba. Watu watasema amehama kabisa."

Alitikisa kichwa akaenda. Nikainywesha migomba hiyo maji ya kuoshea vyombo na maji ya kumwogeshea Momanyi, ikapendeza, mmoja ukatoa mkungu. Nilikuwa nahesabu nitakavyoupika matoke. Basi asubuhi hiyo, kumekucha tu, nikasikia mlio kama wa mtu anayechana shuka mpya. Nikafungua dirisha. Walikuwa pale, tembo majike wanne au watano, na mtoto mmoja, mzizi kwa shina wanakula kazi yangu. Hatua chache kutoka ukuta wangu. Walikuwa wanang'oa mgomba, wanaukanyaga, wanauchana nyuzi, wanatafuna ile sehemu ya ndani yenye maji.

Hofu ilinishika, sikufichi. Lakini miaka yangu ya ubao haikuniacha, nikaanza kutazama. Yule mkubwa mwenye pembe moja iliyovunjika ndiye aliyekuwa kiongozi, maana alipogeuka wote waligeuka. Kwao kiongozi ni bibi mzee, ndiye anayekumbuka maji yako wapi mwaka wa ukame. Madume hawamo, wakibaleghe huondoka na kuishi kando. Na yule mtoto, Kwamboka, alikuwa na mkonga ambao hajui kazi yake. Aliokota kipande cha jani la mgomba, likamponyoka, akakanyaga mkonga wake mwenyewe, akapiga kelele. Majike wawili wakamkimbilia. Akaenda akajificha chini ya tumbo la mmoja, akatulia, kisha akatoka akaenda kwa mwingine akanyonya. Maziwa yao yako kifuani katikati ya miguu ya mbele, kama yetu.

Mzee Mwakio alikuwa amesimama upande wake, nyuma ya mizinga yake. Mizinga ameining'iniza kwenye waya kuzunguka shamba lote. Tembo haogopi panya, huo ni uongo wa mitaani, lakini nyuki anamwogopa kweli, ndiyo maana mahindi ya mzee yalikuwa salama na migomba yangu ikawa kifungua kinywa. Nikamuuliza kwa sauti ya chini yupi ni mama.

"Mwenye maziwa."

"Na yule aliyemkimbilia kwanza?"

"Wa kumbembeleza. Labda dada ya mama. Hao hulea pamoja."

Nikamtazama yule mama. Mtoto wake alikuwa amekimbilia tumbo la mwingine mbele ya macho yake, naye hakugeuza hata sikio. Alikuwa anatafuna mkungu wangu. Nikamwonea wivu hata yeye, Kwamboka. Nilimwonea wivu tembo kwa sababu anaweza kuona hivyo na akaendelea kula.

Walipomaliza wakaondoka taratibu, bila sauti. Mzee Mwakio akasema, "Nilikuambia, Mwalimu."

"Uliniambia."

"Ulisema watasema umehama. Sasa tembo ndio wamekuhamia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini usidhani nilijifunza adabu hapo. Mimi si tembo. Na nimesikia kutoka kwa Barongo, aliyekupigia kukupasha habari, kwamba umewatangazia watu wote kituo cha majani kwamba migomba yako ndiyo iliyowavuta tembo kutoka mbugani. Migomba ilikuwa yako, nakubali. Tembo ni wangu.

Nilikuwa nimejiandaa kukupigia nikuambie kwamba Moraa anakuja huku akitaka asitake. Nilikuwa na simu mkononi. Ndipo ujumbe wako ukaingia: "Moraa anauliza, tembo akiondoka kwao siku nyingi, siku akirudi wenzake wanamjua? Nimjibu nini? Ameuliza tangu jana, hata kula hataki vizuri."

Nikausoma mara nyingi. Nikaona kwamba hukumfundisha kusema aliyosema. Mtu anayetaka kuniibia mtoto asingeniletea swali kama hilo, angelijibu mwenyewe au angelitupa. Wewe umelibeba ukanipa. Tena nikaona kwamba Moraa haulizi habari za tembo.

Basi nimezungumza na Kemunto. Moraa abaki Ikonge, asome pale alipozoea, na likizo aje kumwona mama yake na ndugu yake. Mimi ndiye nitakayehama. Momanyi tumempatia nafasi kwa mama mmoja jirani anayelea watoto mchana, na shule zikifungwa Desemba narudi nyumbani. Kemunto alinuna, kisha akanishonea begi zipu iliyokatika.

Lakini nina sharti, na ndiyo sababu ya barua hii. Swali hilo usilijibu. Jibu ninalo. Nililijua kwa vitabu, na Mzee Mwakio amenieleza alivyoliona kwa macho yake, mpaka nikavua miwani nikaifuta. Sikuandikii hapa, maana nakujua, jioni moja atakubembeleza nawe utamwambia. Mwambie tu kwamba jibu liko kwa Magokoro, na kwamba analileta mwenyewe kwa miguu. Masweta, meno, kamba za viatu, hayo umekwisha kunipita na sitayapata tena. Hili moja niachie.

Nisalimie Ombati mwanao, mwambie apunguze mwendo wa pikipiki. Msalimie shemeji yetu Nyakundi, mzee wa kanisa, na Mama Bosibori tunayechuma naye chai, mwambie kikapu changu asikizoee. Nifungulie madirisha ya nyumba yangu mara moja kwa wiki, panya wasidhani nimewaachia.

Siku nitakayofika, nakuomba usije kunipokea barabarani. Kaa jikoni, songa ugali wa wimbi, upike na mboga ya chinsaga. Mwache Moraa aje peke yake mpaka langoni, nimjibu.

Ni mimi, mwenye wivu wako,
Bochaberi