Debe la Mahindi na Jina Lako

London

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Yale mafuta niliyotuma unayapaka, au umeshampa jirani tena? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii. Wiki ya pili hii nakaa nasimama, nakaa nasimama, hadi chai inapoa. Nina jambo la kukiri, na nakuomba barua hii uisome peke yako. Ndiyo, uisome. Najua Baba anavyovaa miwani akakusomea barua zangu kama mtangazaji wa redio, nawe ukatulia kama hujui a wala be. Hii usimpe.

Yule bibi Mmarekani ninayemhudumia karibu na Edgware Road, nilikwambia ni mshairi. Sikukwambia alivyo mkali. Siku ya kwanza nilimwita "Mama", kwa adabu uliyonifunza, akagonga fimbo sakafuni: "Sikuzaa mtu mimi. Nina jina, na nimelipigania!" Kumwita mtu wa miaka themanini na minne kwa jina kavu mdomo wangu ulikataa, tukapatana nimwite Bi Lorna. Na kweli alilipigania. Kwao Marekani mumewe alikuwa akiyasahihisha mashairi yake kwa kalamu nyekundu, mpaka siku alipomwachia kalamu na nyumba yake. Kitabu cha kwanza alikichapa na wanawake wenzake kwa mashine waliyoiweka chumba cha kufulia. Wakaandamana kudai haki zao, akalala mahabusu mara mbili. Sasa mikono inatetemeka, kikombe hakishikiki, lakini ulimi! Ananitamkia mashairi, naandika, na nikiruka neno moja tunaanza upya.

Siku moja namkanda miguu, akaniuliza mama yangu anaitwa nani.

"Mama Rehema," nikajibu.

"Hilo ni jina lako. La kwake?"

Nikamtajia: Mwanaisha binti Saidi. Mama, sikumbuki kama niliwahi kulitamka mbele ya mtu. Nilipolitamka tu, maneno yakafuata yenyewe. Nikamsimulia Baba alivyokukataza kisomo cha ngumbaru, nawe ukawa unajitwika debe la mahindi kwenda mashineni, Mama Shabani anakusagia, wewe uko darasani. Na daftari lako nalificha mimi kwenye mkoba wangu wa shule. Siri ya miaka yote hiyo nikaimwaga kwa mtu baki. Nisamehe.

Kesho yake akanitamkia shairi. Ni wewe, Mama, na debe kichwani, na jina lako kamili. Niliandika huku nalia. Anataka kulisoma maktaba mwishoni mwa mwezi ujao, kisha alifanye la mwisho katika kitabu chake cha mwisho. Nikamweleza Zawadi, rafiki yangu wa Hounslow anayefanya kazi uwanja wa ndege. Akashika kichwa: "Rehema, are you serious? Hiyo ni private ya mama yako! Mtu a-record, aitupie kwenye group, kesho mzee anaiona Korogwe."

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Siogopi Baba kugomba, uzee umempoza. Naogopa aibu atakayoipata, miaka yote anamsomea mtu anayejua.

Nilirudi kwa Bi Lorna nikamweleza hofu hiyo, nikitegemea atafoka. Akasema, "Mwenye jina ndiye aamue. Akikataa, tunalichana. Lakini sitaki jibu lako, wala la baba yako."

Nisalimie mdogo wangu Hamisi na wifi, na shangazi wa kule Muheza. Mama Shabani mwambie namkumbuka sana. Nimekaa nikagundua na yeye jina lake silijui, niulizie. Baba nimemwandikia barua yake mbali, ndefu, akusomee.

Zawadi anaondoka Ijumaa, naye atakupa hii mkononi. Juu ya bahasha nimeandika jina lako peke yake. Atakaa wiki mbili, akirudi mpe jibu. Ndiyo au hapana, nitalipokea. Ila usimtume mtu akuandikie. Nina miaka arobaini na saba, na mwandiko wako sijauona tangu lile daftari.

Mwanao,
Rehema