Chukua Siku Tano, Mutheu

Wajina wangu Mutheu,

Habari ya ugenini? Huku Matiliku sisi ni wazima, mbaazi zimetoa maua na babako amemaliza paa la jikoni. Barua hii naiandika nikiwa nimesimama. Kukaa kumenishinda tangu uliposema unaenda Peru, kupanda milima mpaka kwa yale magofu ya kale.

Umeniuliza mimi nyanya yako, "Susu, nichukue safari ya siku tatu au ya siku tano?"

Nikiwa msichana, vijana wa kanisa letu tulipanda Mlima Kenya na kiongozi. Mimi nilizoea kwenda mtoni na mtungi mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, nikikimbia nirudi kabla jua halijawa kali. Basi huko mlimani pia nikakimbia. Kiongozi akaniambia, "Dada, pole pole, huku hewa ni kidogo." Nikamcheka, nikawaacha wote nyuma. Siku ya tatu kichwa kilitaka kupasuka, akanirudisha chini na kilele nakiona kabisa. Aliyefika ni mke wa mchungaji, ambaye kila siku alikuwa wa mwisho kambini. Na lile jua nililokuwa nalikimbia, Mutheu, huko juu halikuwa hata na joto.

Chukua siku tano. Ukifika kwa yale mawe, kaa chini, utulie. Kisha uniandikie kutulia kunakuwaje, maana mimi hata chai bado naimeza nikitembea.

Nyanya yako,
Mutheu