Kwanza Salamu, Baba

Mama Anjela, mke wangu,

Lile debe lako la usipa, wale dagaa wakavu wa Mbamba Bay, bado liko jikoni. Ulikuwa ukinicheka, "Ninyi Wamatengo, bila sisi watu wa ziwani mngekula ugali kwa kahawa." Sasa naula kwa maharage, na wa kunicheka hayupo.

Naikumbuka asubuhi tuliyokwenda zahanati. Kichwa kilikuuma tangu jana yake na jicho moja liliona ukungu, lakini ulioga, ukavaa kitenge chako cha kanisani. Kutoka kwetu ni dakika kumi. Ulipumzika mara tatu. Mhudumu akauliza bila kuinua macho, "Mama, unaendeleaje?" Ukajibu kama ulivyolelewa, "Salama tu, mwanangu. Sijui ninyi." Nikakugusa kiwiko. Ukaninong'oneza, "Kwanza salamu, baba." Ulipotaka kueleza ugonjwa, alikwisha kuandika. Presha hakukupima. Akakupa panadol, akamwita mwingine, nami nikanyamaza kwa adabu. Kwenye cheti chako kumeandikwa: anaendelea vizuri. Siku ya tatu ulianguka jikoni, hukuamka.

Juzi alikuja binti mwenye makaratasi, anapima kama zahanati za hapa Mbinga mjini zinatufaa.

"Shikamoo, baba. Huduma za zahanati yenu zikoje?"

"Marahaba. Nzuri tu."

Mdomo wangu mwenyewe, mke wangu. Akatia alama.

"Ni mbali?"

"Dakika kumi."

Akatia alama nyingine, akashukuru, akaenda kwa jirani. Nilikaa kizingitini nikilichukia jibu langu. Kisha nikamfuata.

"Binti, ile ilikuwa salamu. Sasa ndiyo nakujibu."

Nikamweleza yote, hata yale macho yasiyoinuliwa. Alisikiliza, kalamu imesimama.

"Pole, baba. Lakini hapa hakuna nafasi ya kuandika hayo."

"Andika pembeni."

Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo sana. Sijui kama huko wanakojumlisha alama kuna mtu anayesoma pembeni. Alama ya "nzuri" iko palepale katikati, nami ndiye niliyeitoa.

Pumzika, Mama Anjela. Huko uliko, wakikuuliza hali, anza na kichwa kinachouma. Salamu zisubiri.

Mumeo,
Baba Anjela