Mchezo Niliousifu Bila Kuucheza

Leeds, Uingereza

Kaka yangu mpendwa Ombati,

Nakusalimu kwa jina la Mungu wetu, nikitumaini umeamka na afya, wewe na Kwamboka mkeo na watoto. Mimi sijambo. Baridi imepungua, siku hizi natoka na sweta moja tu. Mama anaendeleaje na goti lake? Mwambie asiharakishe kurudi kuchuma majani chai. Na cherehani mpya, je, imeleta wateja hapo Nyamache?

Simu Mama hunipigia, lakini wewe usiyesikia, sikio lako ni karatasi, ndiyo maana nimekaa kuandika. Tena kuna jambo ambalo nimelificha kwa wiki kadhaa, na wewe ndiwe niliyeogopa zaidi kukuambia.

Unajua kazi yangu hapa ni kuandika habari za michezo ya video kwenye tovuti. Mchezo mpya ukitoka, naucheza, kisha nawaambia wasomaji kama unafaa au haufai. Basi mwezi uliopita mhariri wetu, Bi. Karen, aliniletea kurasa mbili kuhusu mchezo wa upelelezi.

"Wenye mchezo wametulipa," akasema. "Yapange maneno yao vizuri, uweke jina lako."

"Lakini sijaucheza."

"Hakuna muda. Makala itoke kesho."

"Tutasema ni tangazo?"

"Tutasema. Chini kabisa."

Chini kabisa kuliwekwa herufi ndogo kama sisimizi: "kwa ushirikiano na marafiki zetu." Kaka, ningeweza kukataa. Lakini karatasi zangu za kibali cha kazi zilikuwa mezani kwake zikingoja sahihi, nami nikayapanga, nikaweka jina langu. Kati ya yale niliyoyapanga kulikuwa na sentensi hii: kwamba kila neno linalosemwa kwenye mchezo limeandikwa kwenye kioo, kwa hiyo hata asiyesikia ataufurahia.

Baada ya siku chache nikapata ujumbe kutoka kwa mama mmoja mwoka mikate, kiziwi tangu utotoni. Alikuwa ameununua mchezo ule kwa sababu ya makala yangu. Aliandika maneno machache tu: "Nimekwama mlangoni. Je, wewe uliucheza kweli?"

Sikumjibu siku hiyo. Jumapili nikauwasha, nikazima sauti kabisa. Mwanzo maandishi yalikuwepo. Halafu nikafika kwenye mlango uliofungwa, na nyuma yake kuna mzee anayetaja neno la kuufungua. Hakuna kilichoandikwa. Nilikaa mbele ya mlango ule saa nzima, nikakukumbuka vile ulivyokuwa ukinivuta mkono tukiwa watoto ili nikuambie watu wanacheka nini, na mimi wakati mwingine nikakwambia, "Si kitu." Niliona haya, kaka.

Jumatatu nilimwandikia yule mama ukweli: kwamba sikuucheza, na kwamba tulilipwa. Kisha nikaingia kwa Bi. Karen.

"Nataka tusahihishe," nikamwambia. "Na juu kabisa tuandike TANGAZO, kwa herufi kubwa. La sivyo toa jina langu."

"Wale wataondoka na matangazo yao yote. Unajua?"

"Najua."

"Na wewe karatasi zako ziko hapa."

"Hilo pia nalijua."

Hakukasirika. Akaniambia nirudi kazini. Siku mbili zilizofuata sikula vizuri. Nilipanga hata nitakavyomweleza Mama nikirudi nyumbani na mkoba mmoja.

Siku ya tatu akaniita. Mchezo ulikuwa wazi kwenye kompyuta yake, sauti imezimwa, naye alikuwa amekwama mlangoni palepale.

"Nimejaribu tangu asubuhi," akasema. Kisha akatoa kalamu, akatia sahihi karatasi zangu. "Hizi hazikuhusiana na lile, na sikupaswa kuzitaja. Nenda ukaandike masahihisho."

Wenye matangazo waliondoka kweli. Safari ya maonyesho ya michezo niliyokuwa nimeahidiwa ikafa, na wenzangu wawili ofisini bado hawanisalimii vizuri. Lakini sasa tuna kanuni: makala iliyolipiwa inasema hivyo juu kabisa, kabla ya neno la kwanza, na sisi waandishi wa habari hatuiandiki. Na yule mama alinijibu: "Nitaendelea kukusoma. Ila nitaangalia juu kwanza." Nikafurahi kuliko siku nilipopata kazi hii. Bi. Karen amemwomba awe anaijaribu michezo pamoja nasi, kwa mshahara, na wiki ijayo anaanza. Nimeanza kujifunza ishara za viziwi wa huku. Si kama zetu kabisa, vidole vyangu vinachanganya lugha mbili.

Msalimie Mama, na mama mkwe wako kule Itumbe, na mchungaji aliyeniombea nilipoondoka. Mwambie binti yako mkubwa asome kwa bidii, shangazi yake anamwombea.

Nimekueleza yote, hata yale ya aibu. Kama umekasirika, niandikie hivyo hivyo, usiyalainishe. Nakuahidi nitasoma kila neno.

Mdogo wako akupendaye,
Kerubo