Mlango wa Mkono ni Dole Gumba

Alhamisi. Joto limebana tangu asubuhi, hata majani ya mkorosho hayatikisiki.

Jambo hili sijamwambia mtu kwa mdomo wangu. Mwezi mzima nimechelewa shule kwa kuzunguka mbali, namkwepa kibarua mmoja wa pale inapojengwa bandari. Siku ya kwanza nilimwamkia kama nilivyolelewa, goti chini, macho chini. Akanikamata mkono, akacheka, akaniachia alipotaka yeye.

Aibu nikaona mimi.

Mama Mkubwa, dada yake Mama, aliona ninavyoshtuka nikiguswa. Hakuuliza jina la mtu. Aliweka mchi kando ya kinu cha makopa ya muhogo, akaniambia nimshike mkono kwa nguvu zangu zote. Akazungusha kifundo cha mkono kidogo tu, akanichomoka. Mwanamke yule hanifikii hata begani!

"Kila mkono unaokushika una mlango, na mlango ni dole gumba," akasema. "Usishindane na ukuta, mwanangu."

Tangu hapo kila jioni ananifunza. Miguu niipanue kama ninayetwanga. Pumzi itoke kwanza, sauti ifuate. Hofu, anasema, haifukuzwi. Ikae hapo hapo, wewe ufanye kazi yako. Na salamu niitoe nimesimama, urefu wa mchi kutoka kwa mtu. Nikauliza, je, huko si kukosa adabu?

"Goti wapigie wenye heshima zao. Huyo shikamoo ya mbali inamtosha."

Leo nimepita njia fupi. Nikamwamkia kwa mbali, yeye akasogea, akanikamata. Nikapanua miguu, hofu ikiwa pale pale. Nikautafuta mlango, nikachomoka, nikapiga ukelele ambao sikujua ninao. Wanawake waliokuwa kisimani kando ya njia wakageuka wote. Mmoja akamwuliza amepoteza nini mkononi mwa mtoto wa watu. Kibarua akaondoka akitazama miguu yake.

Mimi nilikimbia. Mama Mkubwa anasema kukimbia ndiko kumaliza somo vizuri. Sijui alijifunzia wapi hayo yote, na kwa sababu gani. Sijathubutu kumwuliza.

Ila amesema bado kinga moja: nyumbani wajue, kwa maana mtu yule anategemea ukimya wangu. Naogopa Baba atanitoa shule. Naogopa hilo kuliko mkono wa kibarua.

Siri zangu zote huziandika kwa Kiingereza, kwa kuwa Baba husoma Kiswahili tu.

Ukurasa huu nimeuandika kwa Kiswahili.

Nasikia makubazi ya Baba ukumbini, yanakaribia mlango. Siku nyingine ningelikalia daftari. Pumzi kwanza. Naliacha wazi.